Anko, Acha Tamaa

Wanaotoa ushauri wa kumpiga bosi wa gemu wana kasoro moja: wote wameshampiga. Mtu akishamshinda bosi hata sura hubadilika. Anaegemea ukuta, anatafuna karanga zake taratibu, halafu anakwambia, "Mbona yule rahisi tu, Anko? Msome." Msome! Mimi nimesoma hadi chuo, sijawahi kukutana na somo linalokuja na rungu.

Nieleze kwanza vita inapiganwa wapi. Kazi yangu iko Posta, kwenye ghorofa ambalo lifti yake hufanya kazi ikijisikia. Jioni nikitoka, badala ya kwenda kusukumana kwenye foleni ya basi, najivuta taratibu kwa miguu, napita Mnazi Mmoja, naingia Kariakoo, nasubiri huko foleni ipungue. Nyuma ya maduka ya vipuri vya simu, juu ya ngazi nyembamba ambayo wawili hawapishani, kuna chumba cha gemu. Televisheni nne, viti vya plastiki, feni moja inayomwangalia mwenye chumba peke yake, na karatasi ukutani: UKIVUNJA PEDI UNALIPA. Televisheni tatu ni za mpira, na hizo hazipoi. Ya nne iko pembeni, kioo chake kimefifia kwenye kona, na hiyo ndiyo yangu mimi na Elden Ring.

Nyumbani televisheni ipo, usinielewe vibaya. Ila saa hizo nyumbani kuna tamthilia ya Kituruki, na sijaona katika gemu yoyote jitu lenye uwezo wa kumtoa mama watoto mbele ya tamthilia ya Kituruki.

Elden Ring ilitoka Februari 2022. Walioitengeneza ni FromSoftware wa Japani chini ya Hidetaka Miyazaki, na historia ya ulimwengu wake ilichangiwa na George R. R. Martin, yule Mmarekani anayeandika hadithi za koo za kifalme zinazochinjana harusini. Ndani ya mwaka mmoja ziliuzwa nakala milioni 20. Yaani watu milioni 20 walitoa hela zao mfukoni ili wapigwe. Wenzetu huko walilipa mara moja wakamaliza. Sisi tunapigwa kwa saa, na saa ikiisha mwenye chumba anakuja kusimama mbele ya kioo.

Bosi mkubwa wa kwanza anaitwa Margit. Anakusubiri kwenye daraja la kuingilia ngome ya Stormveil. Mzee mrefu, kichwa kimejaa mapembe, ana mkia, amevaa joho lililochanika na kushika fimbo ya kutembelea. Ukimwona kwa mbali unaweza kabisa kumwamkia. Ukimkaribia anaruka juu, fimbo inashuka, na kioo kinakwambia kwa Kiingereza kwamba umekufa. Hicho ni Kiingereza ambacho chumba kizima wanakielewa na kukisoma kwa sauti.

Ubaya wa Margit si nguvu. Ubaya wake ni kuchelewa. Jitu lolote lenye adabu likinyanyua silaha linapiga. Huyu ananyanyua fimbo, halafu anaiacha kule juu. Anangoja. Wewe ulishadoji zamani kwa woga, umebingirika, umeinuka na vumbi lako, unajisifu moyoni, na hapo ndipo anapoishusha. Gemu hukupa muda mdogo mno wakati wa kubingirika, haufiki hata nusu sekunde, ambapo silaha inapita mwilini mwako bila kukudhuru. Ukiutumia mapema umeutupa. Waliomtengeneza Margit walijua hilo vizuri, wakakaa mezani, wakanywa chai yao ya kijani, wakakubaliana kwamba fimbo ikae hewani kidogo zaidi. Siwaiti watu wabaya. Nasema tu kwamba hawakulelewa Kariakoo, ambako ukimnyanyulia mtu mkono usipoushusha papo hapo unaulizwa unangoja nini.

Na ukidhani utarudi nyuma ukanywe dawa, unajidanganya. Una chupa zako za dawa nyekundu, chache, za kuhesabu. Sasa wewe sogea mbali, inua chupa mdomoni. Margit anakuona. Anakurushia visu vya dhahabu vinavyokukuta kichwa kimeinama nyuma na koo wazi. Mgonjwa ananywa dawa, wewe unamrushia visu! Ustaarabu gani huo?

Kufa peke yako si tatizo kubwa. Tatizo ni wachambuzi. Kariakoo ni mtaa wa Simba na Yanga; klabu moja ina jengo lake Mtaa wa Msimbazi na nyingine iko pale Jangwani, na katikati yao kila kiumbe mwenye mdomo ni mchambuzi. Vijana wakimaliza mechi zao za mpira wanahamia nyuma ya kiti changu na soda zao. "Anko, ingia ndani!" "Anko, toka!" Hayo yanasemwa kwa sekunde moja na watu wawili, na wote wawili nikifa wanasema, "Si nilikwambia." Kuna mmoja kila siku ananishauri nimpe Margit presha. Nikamuuliza presha ni kitufe gani. Hajanijibu hadi leo, na ushauri hajaacha.

Mwenye maneno ya maana ni mmoja tu, dogo wa sekondari anayekuja bado amevaa sare ya shule. Huyo ndiye aliyeniambia nisibingirike kurudi nyuma. "Mfuate, Anko. Bingirika umwendee, pita chini ya kwapa." Fimbo ni ndefu, inamkuta anayekimbia, ila aliyemganda ubavuni inampita. Hilo sikuhitaji kurudiwa, maana ni sawasawa na mkokoteni wa Mtaa wa Congo: kuli akishapiga kelele "miguu hiyo!", ukikimbia mbele yake atakukwangua visigino mpaka Gerezani, lakini ukimpisha bega kwa bega anaenda zake na magunia yake na mnasalimiana. Tangu siku ile nikaanza kudumu darajani kwa muda mrefu kiasi cha watu kununua karanga nyingine.

Sasa dogo huyohuyo ndiye aliyeleta neno linaloninyima usingizi. "Anko, acha tamaa." Kanuni yake ni hii: bosi akikosea, mpige pigo moja, ukijitahidi sana mawili, kisha utoke. Usipige la tatu. Mtu mzima niliyeketi ofisini tangu asubuhi, ninayepata nafasi ya kupumua mara moja kwa mwezi siku ya mshahara, nimeona jitu limeinama, mgongo wazi, damu yake imebaki robo, halafu nipige mara moja, niseme asante, niondoke? Mimi nimekua Dar es Salaam. Mlango wa daladala ukifunguka mbele yangu siingizi mguu mmoja nikangoja kuona itakuwaje.

Ila gemu haijali nilikokulia. Kuna mstari wa kijani juu ya kioo, hiyo ni pumzi. Kila ukirusha panga unakula pumzi, na kubingirika nako kunakula pumzi ileile. Pigo la tatu linakuacha mtupu, Margit anageuka taratibu bila haraka yoyote, wewe unabonyeza kitufe cha kudoji na mtu wako amesimama palepale anahema. Chumba kizima kinaimba: "Tamaaaa!" Hata mwenye chumba anayehesabu hela huimba. Hata wapita njia chini kwenye ngazi nadhani wanaimba.

Likaja suala la mavazi. Nilikuwa nimevaa chuma kutoka utosini hadi unyayoni, nimekitafuta kwa jasho, nikisimama darajani napendeza. Dogo akaniamuru nivue. Hesabu yake ni ya kweli: ukibeba zaidi ya asilimia 70 ya mzigo unaoumudu, unabingirika kizito na kutua kwa tumbo, ukishuka chini ya hapo unakuwa mtu wa kawaida, ukishuka chini ya 30 unakuwa mwepesi kabisa. Kwa hiyo baba wa watoto avue nguo mbele ya mzee mwenye mapembe, na vijana wa mpira wakiangalia. Tukabishana, tukafikia muafaka wa kuvua chuma cha kifuani na kubaki na suruali.

Kwenye runi ndiyo hatukukubaliana kabisa. Runi ni sarafu za mle ndani, unaziokota kwa kuua na unazitumia kupandisha levo. Mimi zangu zote huziweka kwenye uhai na nguvu. Akili ninaiacha kama nilivyoikuta. Akili mle ni ya wachawi wa kurusha vimondo vya buluu. Mtu wa panga haimsaidii kitu. Dogo anasema ninadharau elimu.

Akanipeleka pia kwa mfanyabiashara mmoja anaitwa Patches, mwenye upara, anayekaa pangoni. Huyu bwana wazee wa gemu hizi wanamjua tangu Demon's Souls ya 2009, na hajabadilika tabia. Nimeingia pangoni kwake, amenivamia, nimempiga, amepiga magoti akiomba radhi, nimemsamehe, na palepale, damu haijakauka, amefungua duka. Hapo nilimpenda. Nikajiona nipo nyumbani. Anauza pingu ya kumfunga Margit: ukiitumia, bosi anabanwa chini na wewe unajipigia bila tamaa kuhesabika. Bei runi 5,000. Nikangoja sehemu ya kupatana bei. Hakuna. Nikabonyeza kila kitufe kwenye pedi, hakuna. Mimi, mtu wa Kariakoo, nimenunua bidhaa kwa bei ya kwanza, kwa mtu aliyetoka kunikaba! Na pingu yenyewe inafanya kazi mara mbili tu, tena mwanzoni mwa pambano, kabla mzee hajajitengenezea nyundo ya nuru. Akishaitoa ile nyundo, pingu yako ni bangili.

Nilikuwa nikipata mbinu nyingine mchana, ofisini, kwenye video, maana ofisini kuna intaneti. Mbinu hizo zina raha yake mpaka ufike chumbani kwetu ambako intaneti haipo. Kuna mchezaji mmoja alipata umaarufu mwaka 2022 kwa jina la Let Me Solo Her. Alikuwa uchi isipokuwa kitambaa kiunoni, chungu kichwani, panga mbili mkononi, na kazi yake ilikuwa kuingia kwenye gemu za watu walioshindwa na Malenia, bosi anayejirudishia damu kila anapokugusa, akawapigania peke yake wao wakiwa wamekaa kando. Alimuua Malenia zaidi ya mara 1,000. Bandai Namco, wanaosambaza gemu hiyo, wakamtumia upanga wa kweli nyumbani. Mtu kama huyo anahitajika Kariakoo kuliko mahali popote duniani, lakini atapandaje ngazi zetu bila intaneti?

Halafu kuna mbinu ya kungoja, ambayo kwa maumbile yangu ndiyo ingenifaa. Bosi wa mwisho wa nyongeza ya 2024, Radahn, alipiga watu mpaka malalamiko yakavuka bahari, na Septemba mwaka huohuo watengenezaji wakatoa marekebisho ya kumpunguza makali. Ulimwenguni kote Radahn akawa na huruma kidogo. Chumbani kwetu marekebisho hayakufika. Siku nikimfikia nitakutana na yule wa awali, mwenye nguvu zake zote, na nitakuwa nimelipa buku lilelile.

Jambo jingine ambalo washauri hawalisemi: Elden Ring haina kitufe cha kuisimamisha katikati ya pambano. Kwenye mpira, ukipigiwa simu unabonyeza, wachezaji wanaganda, unaongea hata nusu saa. Margit hagandi. Na meneja wangu ana kipaji. Sijui anaonaje kutoka Posta, lakini mzee akishainua nyundo tu, simu inatetemeka mfukoni: ile ripoti iko wapi? Nisipopokea nitaulizwa kesho. Nikipokea ninakufa leo. Jaribu wewe kusema "ndiyo mheshimiwa, naimalizia" huku umebana simu kwa bega na visu vya dhahabu vinakuja. Na siku meneja asipopiga, umeme unakatika, Margit akiwa amebakiza damu ya kupimia kwa kijiko, na giza lile vijana wa mpira wanalipokea kwa kulalamikia mabao yao, kana kwamba wao ndio waliopata hasara.

Kisha likaja suala la heshima. Mwanzoni mwa gemu, usiku, kwenye gofu la kanisa, kuna mchawi mwenye kofia pana anayekupa kengele na majivu ya mizimu. Ukiipiga kengele wanatokea mbwa mwitu watatu wanaokupigania. Tena nje ya daraja kuna mtu anaitwa Rogier, kofia yake nzuri, upanga mwembamba, unaweza kumwita mkaingia wote, na huyu haulizi habari za intaneti. Mimi nikaita wote. Margit akachanganyikiwa, mbwa miguuni, Rogier mbele, mimi nyuma nikishughulika na kisigino. Wachambuzi wakagoma. Wakasema ushindi wa hivyo hauhesabiki, ni wa mchangani. Aliyeongoza mgomo huo bado anakula kwa mama yake, mboga, wali na soda, na hajawahi kuona kwamba huo nao ni msaada.

Nikawatolea silaha yangu niliyoipata ofisini: Miyazaki mwenyewe, baba wa mateso haya yote, alisema mwaka 2024 kwamba yeye si hodari wa gemu, na kwamba alipocheza ya kwake alitumia kila msaada uliomo ndani. Kimya kikatanda. Halafu mmoja akasema, "Yule kaitengeneza, Anko. Wewe umeitengeneza?"

Kwa hasira nikaenda Jumapili Upanga kwa binamu yangu mwenye PS5, nikapumzike na gemu ya kwetu. Tales of Kenzera: Zau, ilitoka Aprili 2024. Aliyeiongoza ni Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyetoa sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins ya 2017. Aliitengeneza kutokana na msiba wa baba yake. Mganga kijana Zau anafanya makubaliano na Kalunga, mungu wa mauti: akileta mizimu mitatu mikubwa, baba yake arudishwe. Na wahusika unaweza kuwaweka wazungumze Kiswahili kitupu! Nilifurahi nusura nimwite binamu aje asikilize. Zau ana vinyago viwili, cha jua cha kupigania karibu na cha mwezi cha kupigania mbali, na siri ni kubadilisha upesi kadiri adui anavyosogea. Nikakutana na Impundulu, ndege wa radi ambaye watu wa kusini mwa Afrika wamemwogopa tangu enzi za mababu. Nikavaa kinyago cha karibu, ndege akawa mbali. Nikavaa cha mbali, akawa puani. Kwa Wajapani nilikuwa na utetezi, nilikuwa nasema lugha yao ya mapigano siijui. Kwa Zau nimekosa hata huo. Kila neno nililielewa, na radi ikanipiga palepale. Mtoto wa binamu, ambaye shule ya msingi hajaanza, aliniambia pole.

Basi juzi Margit alikuwa taabani. Nasema kweli, mashahidi wapo. Sikuwa na tamaa, sijui nini kilinipata, labda njaa. Nilipiga moja nikatoka, moja nikatoka, nyundo ikipita mimi niko kwapani, Rogier ameshakufa shujaa, mbwa amebaki mmoja anachechemea. Wachambuzi waliacha kuongea, na hicho ni kitu ambacho Kariakoo hakijawahi kutokea. Simu ikatetemeka. Nikaiacha. Ikatetemeka tena. Meneja akipiga mara mbili mfululizo huwa kuna mkurugenzi pembeni yake. Nikamkabidhi dogo pedi. "Zunguka naye tu. Usimguse. Zunguka."

Nikashuka ngazini. Nikasimulia ripoti yote, ukurasa kwa ukurasa, hata ambazo sijaandika. Nikasikia huko juu sauti kama goli la dakika ya 90. Meneja akauliza niko wapi. Nikasema niko msikitini, nikakumbuka ananijua ni Mlutheri, nikasema napita jirani.

Nilipopanda, dogo alikuwa anabebwa. Daraja tupu, mzee hayupo, njia ya kuingia Stormveil wazi, na kioo kikionyesha niko nimekaa kwa utulivu mahali pa kupumzikia. Margit hutoa runi 12,000 akifa. Nikatazama kona ya chini ya kioo nikaona karibu sifuri. Mwenye chumba alikuwa ameshanyoosha mkono, anadai saa mbili na ya nyongeza.

"Dogo," nikamwambia, "runi zangu ziko wapi?"

Akatabasamu, na sare yake ya shule imechomoka nje.

"Nimekuongezea akili, Anko."